Biskuti za Dharura na Mama Mkwe Wangu

Jumapili, 8 Machi

Tumeambiwa tuandike mvua. Kila mjumbe wa kamati ya maafa ya mudugudu, yaani mtaa wetu hapa Nyakabanda, amepewa daftari, aandike imenyesha kiasi gani, maji yamepita wapi, ukuta gani umepasuka. Wenzangu wataandika "mvua ndogo" na "mvua kubwa" basi wamemaliza. Mimi Maneno, fundi cherehani, nitaandika mvua na yote yanayokuja nayo. Shule niliiacha darasa la tano, na si kwa kushindwa. Mwalimu ndiye aliyeishiwa na vya kunifundisha.

Mafunzo yalikuwa jana kwenye ukumbi wa sekta, yaani kata yetu. Shirika moja lilituletea kijana mwenye miwani, akafungua katoni ya chakula cha dharura. Ndani ya karatasi ya fedha mna vipande vigumu, vyeupe kwa umanjano, kama sabuni ya kufulia iliyopata elimu. Ni unga, mafuta na sukari vilivyokandamizwa pamoja. Akasema hiki si chakula cha kuishi nacho, ni cha kukushika usianguke mpaka chakula chenyewe kifike. Mtu mzima anakula vipande vichache kwa siku, polepole, na maji. Mtoto anayenyonya hapewi. Kila mtu ale fungu lake mwenyewe, na sisi wajumbe tuhakikishe. Katikati alisema na mengine ila sikuyashika vizuri, kwa sababu nilikuwa namweleza jirani yangu jinsi nilivyopotea msitu wa Walikale nikaishi kwa biskuti moja, tena biskuti ya kawaida ya dukani, na niliporudi Goma ilikuwa imebaki nusu.

Kila mtu alionjeshwa kipande. Mimi nilikuwa nimefunga, nikakitia mfukoni, nikafuturu nacho magharibi. Ladha si mbaya. Koo ndilo linalouliza maswali.

Katoni za mudugudu zimewekwa kwangu dukani. Munyaneza, mkuu wetu wa mudugudu, anasema ni kwa sababu duka langu lina paa zima na kufuli. Kila mtu anajua ni kwa sababu ya uaminifu wangu.

Jumatatu, 9 Machi

Manyunyu.

Alhamisi, 12 Machi

Mvua ya asubuhi, kisha jua. Mama mkwe wangu amefika kutoka Kibungo.

Anaitwa Kabagwira, lakini jina hilo naliandika hapa tu, mdomoni mwangu halipiti. Amekuja kutibiwa macho. Yameingia ukungu, anaona mtu kama kivuli kilichosimama kwenye moshi, hajui kama kivuli kinamtazama au kimempa mgongo. Atapasuliwa mwezi wa tano. Mke wangu Uwizeye amempa chumba cha nyuma, kile kinachopakana na mlima.

Huyu mama ni mtu wa zamani. Ujana wake aliumalizia ukimbizini Karagwe, akarudi na Kiswahili kilichonyooka na adabu ya Kinyarwanda isiyopinda hata kidogo. Mkwe na mama mkwe hawali wakionana. Na hata mbele ya wengine, mtu mzima mwenye heshima hatafuni hadharani. Chakula ni cha ndani, mlango umerudishwa. Akisikia kwamba vijana wa mjini wanakula sambusa huku wanatembea, anatikisa kichwa kama aliyeletewa habari ya msiba.

Ramadhani imetuokoa. Mchana anakula yeye na mimi nimefunga. Jua likizama nakula mimi, na yeye yuko chumbani na rozari yake. Mungu anajua kupanga zamu.

Ijumaa, 20 Machi

Idi. Mvua ilituheshimu mpaka tukatoka msikitini.

Uwizeye alimpelekea mama yake pilau chumbani, sahani imefunikwa. Baadaye akaja kunieleza kwamba mama anasema karafuu zimezidi. Nikajibu kwamba babu yangu alikuja huku na msafara kutoka pwani, na karafuu kwetu hazijawahi kuzidi. Uwizeye akalipeleka jibu. Ndivyo tunavyozungumza, kama nchi mbili zenye ubalozi mmoja.

Jumamosi, 28 Machi

Umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Tumechimba mifereji nyuma ya nyumba zetu. Nilichimba kuliko vijana wawili, mgongo wangu ni shahidi.

Munyaneza alipanda mpaka kwenye ukingo ulio juu ya nyumba yangu, akaugusa udongo kwa kijiti, akashuka uso umebadilika. Akaniambia, "Mzee Maneno, hapa iko hatari. Mvua ikikaza, wewe na mukecuru, mama mkwe yako, mutoke mapema. Musingojee."

Nikamwambia nina katoni za biskuti dukani, nyumba hata ikizingirwa na maji mwezi mzima mimi nitatoka nimenenepa. Akasema biskuti haizuii mlima. Watu wakacheka. Nami nilicheka, kisha nikawapa habari ya Walikale, wakasahau habari ya mlima.

Jumanne, 7 Aprili

Wiki ya maombolezo ya mauaji ya kimbari. Cherehani imefunikwa. Mama mkwe hasemi, nami sisemi. Mvua inanyesha.

Jumapili, 19 Aprili

Binti yetu Gwiza amejifungua mtoto wa kiume huko Busanza. Wamempa jina la Rwema. Ana kilo nyingi kuliko alizoandika daktari, mimi mikono yangu inajua.

Uwizeye amebaki huko kumlea mzazi. Huku nyumbani ameniachia jirani yetu Uwimana, ambaye ana mtoto wa kunyonya na binti mwingine wa miaka sita, Ihirwe. Uwimana anapika, anampelekea mama mkwe chumbani, anakaa naye mpaka amalize. Mimi nakula dukani kati ya vitambaa. Kabla hatujaagana, mke wangu aliniambia mambo mawili: nihakikishe mama anakula, na nisimchoshe kwa hadithi.

Jumatano, 22 Aprili

Mvua kutwa. Hakuna mteja.

Alhamisi, 23 Aprili

Vilevile.

Jumamosi, 25 Aprili

Ufa umetokea kwenye ukingo nyuma ya nyumba, kidole changu kinaingia. Nimeujaza udongo na kuukanyaga vizuri.

Ijumaa, 1 Mei

Ufa umerudi. Sasa mkono unaingia. Uwizeye amepiga simu kuuliza kama mama amekula. Nimesema amekula. Kweli alikula, Uwimana alinihakikishia. Sikumwambia habari ya ufa, nyumba yenye mzazi haipelekewi wasiwasi.

Jumatatu, 4 Mei

Naandika nikiwa kwenye dawati la watoto, magoti yamegusa kidevu.

Mvua ilianza alfajiri na haikupumua. Saa tisa mchana mfereji ulifurika, maji yakaja ya rangi ya chai ya maziwa, yakabeba majani, kisha mawe. Munyaneza alipita akipiga filimbi, nyumba kwa nyumba, kila aliye chini ya ukingo aende shuleni. Nitasema ukweli wangu: sikubisha. Nilipousikia mlima ukiguna nyuma ya chumba cha mama mkwe, kama mzee anayetaka kuinuka kwenye kiti, habari ya Walikale sikuikumbuka kabisa.

Ningembeba mimi mwenyewe, nina mabega ya kubeba mama wakwe watatu. Lakini mkwe hambebi mama mkwe wake. Munyaneza alimtia mgongoni, Uwimana akabeba mwanawe na kumvuta Ihirwe kwa mkono, mimi nikachukua kichwa cha cherehani begani na katoni moja chini ya kwapa. Vijana wa mudugudu wakahamisha katoni zilizobaki. Tulikuwa hatujafika kwenye lango la shule nikasikia kishindo. Sikugeuka. Uwimana aligeuka, akasema kwa sauti ndogo kwamba chumba cha nyuma hakipo tena.

Nimekaa hapa naangalia kile kichwa cheupe cha mama mkwe pale pembeni, amejifunika kitenge, anasali. Alikuwa kwenye chumba kile. Nimemshukuru Mungu mpaka ulimi umechoka, na mtu ajuaye ulimi wangu ataelewa hiyo ni shukrani ya kiasi gani.

Jumanne, 5 Mei

Mvua haijakatika. Barabara ya chini imemezwa na udongo, na kuna mitaa iliyoumia kuliko sisi, kwa hiyo magari ya chakula yataanzia huko. Munyaneza ameongea na sekta kwa simu. Chakula cha kupikwa kitafika, ila si leo, na kesho labda. Kuni zote zimelowa. Shule ina madarasa mawili tu yasiyovuja: moja wamejaa watu wa upande wa juu, jingine ni letu, wanaume, wanawake, watoto na kuku mmoja.

Basi zamu yangu ikafika. Nilisimama mbele ya ubao, nikawahutubia. Niliwaeleza biskuti hii ni nini, kwamba haikuumbwa ili mtu ashibe bali ili asizime, kwamba ukiifakamia bila maji utajuta. Mzee mmoja aliuliza kama inaweza kulishwa kuku. Nikamwambia kuku huyo akila hii atataga matofali.

Uwimana alitaka kumlowekea mtoto wake anayenyonya. Iradukunda, mshauri wa afya wa mudugudu, msichana mfupi mwenye sauti ya jeshi, akamkatalia. Akasema mama ndiye ale, mtoto ataipata kupitia ziwa. Nikaunga mkono, ndivyo nilivyofundishwa.

Kisha nikagawa. Na kwa sababu tuliambiwa tuhakikishe, nilihakikisha. Niliwapanga watu duara, nikapita mbele ya kila mmoja na ndoo ya maji na kikombe, nikasimama mpaka nione ametia mdomoni. Wazee waliinua vitenge wakafunika nyuso, nikaona mataya yanacheza kidogo, nikapita. Kwa mama mkwe sikusimama, ingekuwa aibu. Nilimpa Uwimana ampe, nikatazama dirishani. Nilipogeuka mkono wa mama mkwe ulikuwa mtupu. Jioni nikagawa tena, vilevile.

Uwizeye alipiga simu jioni, analia. Nilimwambia mama mzima, nyumba ni matope tu, na watu wote wamekula mbele ya macho yangu. Alisema asante, mume wangu. Miaka mingi sijaisikia hiyo.

Jumatano, 6 Mei

Leo nitaandika kwa kirefu.

Asubuhi Ihirwe, yule binti wa Uwimana, alianza kulia tumbo. Iradukunda akamkandakanda, akamuuliza amekula vipande vingapi. Mtoto akasema vyake, na vya bibi. Bibi gani? Akaonyesha pembeni, kwa mama mkwe wangu. Vya jana mchana na vya jana jioni, vyote, na maji hakutaka kwa sababu yalikuwa na ladha ya ndoo.

Mtoto alipewa maji ya uvuguvugu, akajisaidia, akapona. Lakini sisi wakubwa tukaanza kuhesabu. Tangu uji wa Jumatatu asubuhi, mama mkwe hakuwa ametia kitu tumboni. Uwimana alikwenda kumgusa bega. Alikuwa ameegemea ukuta, midomo imekauka, na alipotaka kujibu kichwa kilimwangukia kifuani.

Mimi nilikuwa nimesimama na ndoo mkononi. Nimewahi kusimulia kwamba nimeshikana mikono na chui. Leo hata ndoo ya maji niliiweka chini.

Iradukunda alimlaza, akainua miguu yake, akamlowesha midomo. Mama alipozinduka, Iradukunda akasaga vipande viwili kwenye kikombe, akakoroga na maji ya thermosi mpaka vikawa kama uji mwepesi, akamsogezea. Mama mkwe akageuza uso. Akasema hana njaa. Iradukunda akajaribu tena, mama akasema atakula baadaye. Uwimana akamsihi kwa Kinyarwanda, kwa majina yote ya heshima. Wapi. Alisema maneno machache na sauti ilikuwa ya karatasi.

Iradukunda akanijia, hasira imempanda. "Mzee, huyu atatufia hapa, na chakula iko mkononi. Barabara iko imefungwa, sina sindano ya maji. Muambie akule."

Nikamwambia, mwanangu, mimi ndiye mtu wa mwisho duniani wa kumwambia huyu mama ale.

Ndipo Uwimana akaniambia yale ambayo mwanamke mwenye adabu huyasema akiangalia chini. Kwamba mama haoni. Kwamba humu ndani kila upande anasikia watu, na hajui nani anamtazama. Kwamba jana nilipokuwa nazunguka na ndoo yangu, yeye alikuwa anasikia viatu vya mkwe wake vinapita, vinasimama, vinapita, na hajui vimeelekea wapi. Mtu kama yule angewezaje kufungua mdomo? Akaongeza kwamba si yeye peke yake. Nikatazama duara langu la wazee. Mmoja akashika ncha ya kitenge chake. Mwingine akakohoa. Bibi mmoja wa upande wa chini akafungua fundo la kanga na kuweka juu ya dawati vipande vyake vyote, havina hata alama ya jino, akisema alikuwa anawawekea wajukuu.

Yule kijana wa shirika alikuja na kila kitu kwenye katoni. Mlango wa kurudisha hakuutia.

Nikawaza kutoka nje, nikae mvuani mpaka ale. Nikatoka kweli, nikasimama chini ya mchirizi wa paa. Uwimana akaja kunirudisha. Mama ameuliza mkwe wake yuko wapi, akaambiwa ametoka, akasema hapana, mlango ule hauna ubao, mtu akiwa nje anaona ndani.

Hapo nikakumbuka mimi ni nani. Mimi ni fundi. Niliomba turubai walilokuwa wamefunikia magunia ya chaki, nikaomba vitenge viwili kwa akina mama. Kichwa cha cherehani nikakiweka juu ya dawati. Miguu yake imebaki dukani kwenye matope, kwa hiyo nilikuwa nazungusha gurudumu kwa mkono wa kulia na kusukuma kitambaa kwa mkono wa kushoto, na turubai ni gumu, sindano mbili zilivunjika. Munyaneza alipigilia misumari kutoka dirishani mpaka kwenye ubao. Likawa pazia zito, kutoka darini mpaka sakafuni, lisilopitisha hata mwanga wa simu. Tukampeleka mama nyuma yake, yaani Uwimana na Iradukunda walimpeleka, mimi nilikuwa nimeangalia ukutani.

Tukangoja. Darasa zima lilinyamaza. Hata mvua, kwa mara ya kwanza, ilishusha sauti. Na kimya kile ndicho kilichoharibu, maana nyuma ya pazia tulisikia kikombe kinagusana na jino, kisha kikawekwa chini.

Muda ukapita. Kisha nikaisikia sauti yake. Haikuwa kwa Uwimana, haikuwa kwa ubalozi wowote. Ilinijia mimi.

"Baba Gwiza, uko wapi?"

Niliinuka kama mwanafunzi. Nikasema niko hapa, mama, karibu na mlango, nimekupa mgongo.

"Basi sema. Sema chochote. Nikikusikia nitajua uko wapi."

Watu wananijua. Niombe ukimya utanikosa, niombe maneno utanikuta nimeshafika. Lakini leo niliombwa maneno na yakaniishia. Nilifungua mdomo, ukatoka upepo. Munyaneza akaninong'oneza, "Walikale." Lakini hadithi ya njaa kwa mtu mwenye njaa haifai. Nikaanza nyingine, papo hapo, ambayo haijawahi kutokea kwa mtu yeyote.

Nilisema, mama, zamani nilipokuwa fundi kijana kule Ruhengeri, alikuja sokwe kutoka milimani kushonewa koti. Alikuwa na harusi. Nikamwambia atue mzigo, akasema sina mzigo, huo ni mgongo wangu. Futi yangu ikaisha kabla ya kumaliza kifua, nikaunga na kamba ya mbuzi. Nikamuuliza anataka mifuko mingapi, akasema mmoja tu, wa kutia mianzi.

Mtu mmoja alicheka. Nikaendelea. Nikasema kazi ilikuwa mikononi, maana koti likimtosha mabegani mikono inaishia kwenye viwiko, na nikirefusha mikono, koti linafagia sakafu.

Nyuma ya pazia kikombe kikagusana na jino tena. Sikunyamaza. Nilisema habari ya vifungo, ya bitana, ya bibi harusi aliyekuja kukagua na kusema kola haijakaa. Jasho lilinitoka. Wale wazee wengine nao walikuwa wamejisogeza mmoja mmoja nyuma ya pazia, wakila pale pale, na mimi nikizidisha sauti ili mtu asisikie taya la mwenzake.

Kisha mama mkwe akaniuliza, na sauti ilikuwa imeanza kupata maji: "Hiyo mikono ulimkatia vipi?"

Nikasema, kwa mshazari, mama.

Akasema, "Hapo sawa."

Iradukunda akatoka nyuma ya pazia, ameshika kikombe. Akakipindua hewani ili nikione. Hakikudondosha hata tone. Nikakaa chini sakafuni, mtu mzima mimi, nikafuta uso kwa kipande cha turubai.

Alhamisi, 7 Mei

Mvua imekatika saa nne asubuhi. Lori limefika mchana na ugali, maharage na dodo, yaani mchicha, na pazia langu lilikuwa na foleni. Mama mkwe alikula nusu sahani. Mimi nilisema toka mwanzo wa sahani mpaka mwisho. Sauti imekauka.

Iradukunda ameamuru biskuti zilizobaki zifungwe, zisiliwe na chai, ni za siku nyingine. Vijana walikuwa wameshaanza kuzizoea.

Jumapili, 10 Mei

Tuko Busanza kwa Gwiza. Nyumba yetu imebaki na duka na chumba cha mbele, nyuma ni mlima mtupu. Kuta zitajengwa upya kwingine, sekta imetukataza kujenga pale pale, na safari hii sina la kubisha. Nimemweleza Uwizeye yote, na kuhusu ndoo pia. Akauliza kama yule sokwe alioa kweli. Nikasema alioa.

Jumatano, 13 Mei

Jua.

Alhamisi, 21 Mei

Mama mkwe amepasuliwa jicho la kwanza. Daktari anasema limekwenda vizuri. Kwenye uji wake wa jioni nilikaa sebuleni nikasimulia mpaka Rwema akalala, na baba yake pia.

Jumamosi, 30 Mei

Hakuna mvua, na wazee wanasema itumba, masika yetu, ndiyo inaaga. Munyaneza amepiga simu kuuliza daftari langu la mvua. Nimemwambia lina mvua ndani, atafute.

Juzi walimfungua bendeji. Anaona. Alimtazama Rwema kwa muda mrefu, akamtazama Gwiza, akamtazama Uwizeye akamwambia amezeeka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kwa adabu, akanitazama mara moja, haraka, akainamisha macho inavyotakiwa. Baadaye nilimsikia akimwambia binti yake kwamba alinidhania mrefu zaidi.

Leo mchana Uwizeye alimpelekea chakula chumbani, ndizi na nyama. Mlango wa Gwiza ni wa mbao, unafungika, na mama sasa anaona mwenyewe kwamba hakuna mtu. Nikajua kazi yangu imekwisha. Nilichukua suruali ya mkwe wangu mwenyewe, mume wa Gwiza, nikakaa sebuleni kupinda chini, nikafunga mdomo. Nyumba ikatulia.

Sijamaliza mguu mmoja nikasikia mlango wa chumbani unafunguka kidogo, upana wa kiganja. Sikugeuza kichwa.

"Baba Gwiza," akasema, "mbona kimya? Mimi nakula."